Mwenye pesa akigonga mtu hapa kwetu, ni wapi hasa kesi inapotelea?

#1 ChiniYaMenengai
Habari wadau. Kila ikitokea ajali ya kuua kati ya Gilgil na Mau Summit, hapa Kenya, na dereva awe mtu mwenye jina, maneno ni yale yale: "hiyo kesi haiendi popote." Na mara nyingi haiendi. Sitaki tujadili kama tajiri hulindwa, hilo hata mtoto wa shule analijua. Nataka tutaje mahali penyewe. Ni pale barabarani? Kituoni? Kwa mwendesha mashtaka? Mbele ya hakimu? Au ni nyumbani kwa marehemu, wiki ya matanga?

Dai langu ni hili: hukumu yenyewe hainunuliwi mara nyingi kama tunavyodhani. Kinachonunuliwa ni saa 48 za kwanza, halafu miaka inayofuata. Nipingeni.

#2 Kondele_Stage
Saa 48 ni nyingi mno ndugu. Mimi nasema nane. Pombe hupungua kwenye damu kwa takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 kwa saa. Aliyekuwa na 100 saa sita usiku, kufika saa moja asubuhi hakuna cha maana cha kupima. Kwa hiyo mwenye pesa haendi kituoni. Anapelekwa hospitali ya kibinafsi, analazwa "kwa uchunguzi", na wakili anapigiwa simu kabla ya polisi. Sheria ya Trafiki kifungu cha 73 inampa saa 24 za kuripoti. Anazitumia kulala.

La pili ni kubadilisha dereva. Bosi anatoka kwenye usukani, kijana wake wa mshahara anasema ni yeye aliyekuwa akiendesha. Anaahidiwa kwamba mshahara utaendelea kuingia na faini italipwa.

Mtu anayejua kazi hugundua haraka. Magari yetu usukani uko kulia, kwa hiyo mkanda wa dereva huacha alama kutoka bega la kulia kushuka nyonga ya kushoto. Aliyekaa kiti cha abiria mbele, alama yake huanza bega la kushoto. Kisha tazama kiti kimesogezwa umbali gani kutoka usukani: mtu wa futi sita hakai alipokaa mfupi. Mfuko wa hewa ukifumuka hubaki na mate au damu ya aliyekuwa mbele yake. Haya yote yanapotea gari likishavutwa na kuoshwa.

#3 Karani_wa_Kortini
Kondele, soma kifungu cha 73 mpaka mwisho. Hakisemi una saa 24 za kustarehe. Kwanza usimame. Utoe jina, anwani na namba ya gari kwa yeyote mwenye sababu ya kuuliza. Usipofanya hivyo ndipo unatakiwa uripoti haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote isipite saa 24. Aliyekimbia na kuripoti saa ya 23 amekwisha kosa kwa kutosimama. Shida ni kwamba watu wanaitaja saa 24 kama haki, na askari naye anaipokea hivyo.

Mengine uliyosema ni sahihi. Naongeza mchoro wa eneo la ajali. Askari wa trafiki anatakiwa apime kwa futi kamba: upana wa lami, mahali gari lilipomgonga mtu, urefu wa alama za breki, mahali mwili ulipoangukia, mahali gari liliposimama. Mchoro ukifanywa kesho yake baada ya mvua na malori, ni kazi ya kukisia. Tena gari likiachiliwa kabla ya mkaguzi kulikagua, utetezi wa "breki zilikataa" hauwezi tena kuvunjwa na mtu yeyote.

#4 NyalendaB
Jamani, mbona mnazunguka? Ni hongo. Chai inaingia, faili inapotea. Basi.

#5 ChiniYaMenengai
NyalendaB, hongo ipo na hakuna anayekataa. Lakini ukisema "hongo" na kunyamaza, mama aliyefiwa hajui afanye nini Jumatatu asubuhi. Ukimwambia "chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) leo, uliza kama gari limekaguliwa, piga picha alama za breki kabla hazijafutika", ana pa kushika.

#6 Nyuki_wa_Kakamega
Mimi napinga pande zote mbili. Hata polisi wawe malaika, sheria yenyewe imeandikwa kwa bei. Fungueni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28. Ukishindwa kulipa faini, kifungo cha badala kina ngazi zake:

faini isiyozidi 500: siku 14
zaidi ya 500 hadi 2,500: mwezi 1
zaidi ya 2,500 hadi 15,000: miezi 3
zaidi ya 15,000 hadi 50,000: miezi 6
zaidi ya 50,000: miezi 12

Hicho ndicho kikomo cha juu katika kila ngazi. Sasa chukueni watu wawili wenye kosa moja na faini moja ya 20,000. Mmoja analipa kwa simu akiwa bado kizimbani, mchana anakula samaki kando ya ziwa Kisumu. Mwingine anaweza kulala gereza la Kodiaga nusu mwaka. Hakuna aliyehongwa. Hakimu amefuata kitabu. Halafu tazameni kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji hatari, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki: kifungo kisichozidi miaka 10. Inaonekana kali. Lakini kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kutoza faini badala ya kifungo kwa makosa mengi, na kesi za kifo barabarani huishia huko mara kwa mara.

Kwa hiyo ukiuliza kesi inapotelea wapi, jibu langu ni kwamba haikupotea. Ilifika mwisho na ikalipiwa.

#7 Mwalimu_Siaya
Nyuki ameuma. Kuna nchi zilizoliona hilo zamani. Ufini faini ya mwendo wa kasi huhesabiwa kwa kipato: chukua mapato ya mwezi baada ya kodi, toa euro 255, gawa kwa 60, hiyo ndiyo faini ya siku moja, kisha zidisha kwa idadi ya siku kulingana na uzito wa kosa. Mwaka 2023 tajiri mmoja wa visiwa vya Åland alikamatwa akienda kilomita 82 kwa saa mahali pa 50, akatozwa euro 121,000. Leseni nayo ikasimamishwa kwa siku 10.

#8 Kondele_Stage
Mwalimu hiyo Kenya haiwezi. Kule kompyuta ya polisi inaona kodi ya mtu. Hapa mwenye majumba kumi Milimani anaweza kuonyesha hati kwamba hana mapato, kila kitu kiko kwa jina la kampuni au la shemeji. Mwenye payslip ndiye atakayeumia: mwalimu, nesi, askari mwenyewe.

#9 Nyuki_wa_Kakamega
Kweli kuna ugumu huo. Lakini hata leo hakimu anatakiwa aulize uwezo wa mshtakiwa kabla ya kutaja faini. Anauliza "una lolote la kusema?" na maskini anasema "naomba msamaha", basi. Hakuna anayemwongoza aseme ana watoto wangapi na anapata shilingi ngapi kwa siku. Wakili wa tajiri huzungumza dakika ishirini hapo hapo: barua ya mchungaji, cheti cha daktari, picha za watoto wa masomo anaowalipia karo.

Tena kuna kifungo cha nje. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu kazi ya umma badala ya jela pale hukumu isipozidi miaka 3. Maskini ana haki hiyo sawa na mwingine. Aombe tu ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia, kabla hukumu haijasomwa.

#10 Subukia_Moja
Mnazungumza magari tu. Mimi naishi upande wa pili wa kilima kutoka Solai, na huko kesi haikuwa ya dereva. Tarehe 9 Mei 2018 usiku, bwawa katika shamba la Patel lilipasuka, maji yakafagia nyumba za wafanyakazi na majirani chini yake. Wenye shamba na maafisa kadhaa walishtakiwa kwa makosa 48 ya kuua bila kukusudia. Maafisa wa maji wenyewe walisema mabwawa ya lile shamba hayakuwa na vibali halali. Februari 2020 korti ya Naivasha ikawaachilia washtakiwa baada ya upande wa mashtaka kushindwa kuendelea na kesi. Sikiliza vizuri: si kwamba ushahidi ulisikizwa ukapimwa ukaonekana mwepesi. Haukusikizwa. DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, akakata rufaa na Mahakama Kuu ikarudisha kesi ianze.

Hapo nani alipewa chai? Sijui na sitasema. Ninachojua ni kwamba familia za waliokufa zilikuwa zikipanda matatu kutoka Solai hadi Naivasha kila kesi ilipotajwa, na kila ahirisho lilikuwa nauli.

#11 ChiniYaMenengai
Asante Subukia. Hilo ndilo nilimaanisha niliposema miaka inayofuata. Pesa hununua muda, na muda huua kesi bila mtu kuguswa.

#12 Karani_wa_Kortini
Niweke hatua za jinsi muda unavyokula kesi, maana wengi huona "imeahirishwa" na kurudi nyumbani bila kujua kuna mipaka.

Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 205: mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, ahirisho moja lisizidi siku 30, aliye rumande, lisizidi siku 15. Mipaka ni ya ahirisho moja. Hakuna panaposema maahirisho yasizidi mangapi, na hapo ndipo mlango ulipo. Wakili amepata kesi nyingine Eldoret. Mshtakiwa mgonjwa, cheti hiki hapa. Nakala za taarifa za mashahidi hazisomeki, tupewe nyingine. Kila moja ina sababu, ukiziunganisha ni mwaka na nusu.

Halafu kifungu cha 200. Hakimu akihamishwa katikati ya kesi, hakimu mpya lazima amjulishe mshtakiwa kwamba anaweza kudai mashahidi waitwe tena. Haki hiyo ni nzuri kwa mnyonge aliyeonewa. Lakini kwa mwenye subira ya pesa ni silaha: shahidi wa kwanza kahamia Mombasa, wa pili kafariki, wa tatu hakumbuki tena kama gari lilikuwa jeusi au la buluu. Hakimu mpya hana ulazima wa kukubali kuanza upya, anapima. Upande wa waliofiwa uwe na mtu wa kusema siku hiyo, vinginevyo atasikia upande mmoja tu.

Tatu, ombi la katiba Mahakama Kuu kusimamisha mashtaka yasiendelee. Hili linahitaji wakili wa kulipwa vizuri. Hata likishindwa limekula miezi.

#13 NyalendaB
Sawa Karani, nimekuelewa. Lakini wakili wa kulipwa vizuri analipwa na nini? Ni pesa ile ile, imevaa tai tu.

#14 Mpita_Njia_Busia
NyalendaB hapo nakuunga mkono kidogo. Ila kuna kitu mnakiacha: heshima na woga. Kule kwetu kuna kesi za watu wasio na pesa nyingi na bado wamelindwa. Kumbukeni Busia, Juni 2013, yule msichana wa miaka 16 aliyebakwa na kundi la vijana na kutupwa kwenye shimo la choo. Washukiwa waliokamatwa walipewa adhabu ya kufyeka nyasi kwenye kambi ya polisi, wakaenda zao nyumbani. Wale hawakuwa matajiri. Kilichowalinda ni kwamba msichana wa kijijini hakuhesabiwa. Ilichukua ombi lililosainiwa na watu zaidi ya milioni moja duniani ndipo kesi ikafufuka, na Aprili 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Kwa hiyo swali linaweza kuwa kinyume: si nani ana kinga, bali ni nani hana thamani machoni pa mwenye kalamu ya OB.

#15 Mama_Ahero
Busia umenena, na nitakaa hapo hapo kwa sababu linaniuma. Unajisi wa watoto ndiko pesa hufanya kazi yake mbaya kuliko barabarani. Mwenye duka, mwenye matatu, mwalimu, mtoto wa mheshimiwa. Wazee wanaitwa, chifu anakaa katikati, shilingi elfu thelathini na mbuzi, mtoto anahamishwa kwa shangazi Muhoroni.

Naomba kila mmoja ayajue haya:

Kosa hilo halina suluhu ya nyumbani. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 40, uamuzi wa kuacha mashtaka si wa mzazi, si wa chifu, si wa OCS (mkuu wa kituo cha polisi). Ni wa Mwanasheria Mkuu kwa maandishi ya sheria ile, na tangu Katiba mpya kazi hiyo ni ya DPP. Makubaliano ya kupunguza kosa pia hayaruhusiwi kwa makosa ya sheria hiyo. Adhabu ni kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 kushuka chini, si chini ya miaka 20 akiwa 12 hadi 15, si chini ya 15 akiwa 16 hadi 18.

Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa dawa za kuzuia virusi na mimba. Mtoto asioge, asibadilishe nguo. Akibadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu ndani na ushahidi unaoza. Hospitali ijaze fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa), kisha polisi watoe P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha). Fomu ya P3 ni bure. Anayekuambia ulipe kituoni anakuibia.

Na cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema. Kesi nyingi huanguka kwa sababu umri haukuthibitishwa. Kama hakuna cheti, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au makadirio ya umri ya daktari wa meno.

#16 Mpita_Njia_Busia
Shukrani Mama. Swali: mzazi akikubali zile elfu thelathini, amevunja sheria?

#17 Karani_wa_Kortini
Anaweza kuwa amevunja. Kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu: kupokea kitu kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa au kuacha kulishtaki ni kosa. Na anayeshawishi shahidi asiende kortini yuko chini ya kifungu cha 117, hadi miaka 5. Hiki cha pili ndicho kinachopaswa kutumika kwa mwenye pesa na madalali wake. Kinatumika mara chache, na hilo ni aibu.

Tofautisha hapa. Kupokea msaada wa mazishi, jeneza, chakula cha matanga, bili ya mochari, hiyo peke yake si kosa. Kusaini karatasi kwamba "tumesameheana na hatutaendelea na kesi" ndiko kubaya, na karatasi hiyo haifungi DPP. Aliyefiwa ni shahidi tu. Mlalamishi kwenye karatasi za korti ni Jamhuri.

#18 Sabatia_Juu
Karani umesema sawa lakini si kamili. Mlalamishi anaweza kuondoa malalamiko chini ya kifungu cha 204 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, hakimu akiridhika na sababu, na mshtakiwa huachiliwa kabisa. Na kifungu cha 176 kinahimiza upatanisho. Tena mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi, kesi ya Mohamed Abdow Mohamed, shtaka la mauaji liliondolewa baada ya familia kulipana ngamia na mbuzi kwa desturi. Kwa hiyo mlango wa fidia upo, na Katiba kifungu cha 159 kinautaja.

#19 Karani_wa_Kortini
Sabatia, kifungu cha 176 kinasema shambulio la kawaida au kosa la kibinafsi lisilofikia kosa kubwa. Kosa la miaka 3 au zaidi ni kosa kubwa isipokuwa sheria iseme vingine, na kifo barabarani ni hadi miaka 10. Halimo humo. Kesi ya Abdow ilizua mjadala mkubwa kwa sababu ilikuwa ya aina yake. Usiwape watu matumaini kwamba mauaji yanauzwa.

Jambo moja la kuangalia kila mara: kesi ikiondolewa, uliza imeondolewa kwa kifungu gani. 87(a) inamwachilia mshtakiwa lakini anaweza kukamatwa tena kwa kosa lile lile. 204 ni mwisho. Watu hurudi nyumbani wakilia kwa 87(a) wakidhani yamekwisha, na wengine hushangilia kwa 204 wakidhani itarudi.

#20 Sabatia_Juu
Nimekubali la 176. La desturi sikubali. Kuna mjane Vihiga mwenye watoto watano ambaye kifungo cha dereva hakimsaidii hata kilo ya unga. Mnaotaka jela mara nyingi si ninyi mtakaolisha wale watoto. Mkimnyima fidia kwa jina la haki mnampiga mara mbili.

#21 BimaMtaani
Mjane si lazima achague kimoja, na hapa ndipo watu huliwa mchana kweupe. Fidia ya ajali haitoki mfukoni mwa dereva, inatoka kwa bima. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu. Anayekuja matangani na laki moja na karatasi ya kusaini ananunua dai la mamilioni kwa bei ya jeneza. Karatasi hiyo ikisema "malipo kamili na ya mwisho", wakili atahangaika nayo miaka.

Njia ni hii. Chukua abstrakti ya polisi (muhtasari wa ajali). Hakikisha ina namba ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya cheti cha bima. Toa rekodi za umiliki NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), maana aliyeandikwa kwenye abstrakti si lazima awe mwenye gari. Cheti cha kifo. Barua ya chifu. Barua ya usimamizi ya muda kutoka kortini ili kumshtakia marehemu. Fungua kesi ya madai ndani ya miaka 3. Ukipita hapo mlango umefungwa. Kama gari ni la serikali, ni mwaka 1 tu, na hapa wengi hupotea.

Na hili lisikilizwe: Sheria ya Ushahidi kifungu cha 47A inasema mtu akishatiwa hatiani kwa kesi ya jinai, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika kwenye kesi ya madai kwamba alikuwa na hatia. Hata akikubali kosa dogo la uzembe barabarani. Ndiyo maana upande wa pesa hupenda kesi iondolewe, isiishe kwa hatia. Haki ya jela na unga wa watoto zimefungwa kwa kamba moja, Sabatia.

#22 Sabatia_Juu
Hili la 47A sikulijua. Asante sana.

#23 Mwalimu_Siaya
Nirudi kwa mzizi. Mnaeleza mifereji, mimi nauliza maji yanatoka wapi. Mtoto aliyelelewa bila kukatazwa anakua hajui kwamba kitendo kina matokeo. Marekani, Texas, Juni 2013, kijana wa miaka 16, Ethan Couch, alilewa akaendesha, akaua watu wanne. Mtaalamu wa saikolojia wa upande wake akasema ana ugonjwa wa utajiri, wazazi hawakumfundisha mipaka. Jaji akamwachilia kwa sababu hiyo.

#24 Nyuki_wa_Kakamega
Mwalimu, jaji hakusema ni kwa sababu hiyo. Alimpa miaka 10 ya uangalizi na matibabu. Mashtaka yaliomba kifungo cha miaka 20. Neno lile lilitoka kwa shahidi wa utetezi. Desemba 2015 akatorokea Mexico pamoja na mama yake, na 2016 akafungwa siku 720. Malezi yanaeleza kwa nini alikanyaga mafuta. Hayaelezi kwa nini wengine wa umri wake, maskini, wakifanya hivyo hawapati mtaalamu wa kuwatetea.

#25 Subukia_Moja
Kwa nini twende Texas na shamba la Soysambu liko hapa Elementaita? Tom Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, walowezi wa Kizungu wenye mashamba makubwa. Aprili 2005 alimpiga risasi Samson ole Sisina, mlinzi wa wanyamapori. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu akaifuta kesi. Wamaasai wakaandamana. Mwaka uliofuata, Mei 2006, akampiga risasi Robert Njoya. Akashtakiwa kwa mauaji, 2009 akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, miezi 8. Miezi minane kwa uhai wa mtu.

#26 Karani_wa_Kortini
Hasira yako ni yetu sote, lakini tuweke hesabu sawa. Alikuwa amekaa gereza la Kamiti miaka 3 akingoja, kwa sababu kabla ya Katiba ya 2010 mauaji hayakuwa na dhamana, hata uwe Delamere. Jaji alilihesabu hilo. Na kufutwa kwa kesi ya 2005 kulifanyika kwa mamlaka ambayo sasa yamefungwa: Katiba kifungu cha 157(8), DPP hawezi kuacha kesi bila ruhusa ya korti.

#27 NyalendaB
Kumbe dhamana ya 2010 imewasaidia zaidi wenye pesa! Zamani tajiri na maskini walilala chumba kimoja wakingoja. Leo mmoja yuko nyumbani.

#28 Nyuki_wa_Kakamega
Hapo umegusa kidonda, ingawa sitaki turudi nyuma. Dhamana ni haki ya kila mtu kwa kifungu cha 49 cha Katiba. Lakini tazama inavyolipwa. Pesa taslimu, au bondi na mdhamini mwenye hatimiliki, logibuku (hati ya gari) au payslip. Hatimiliki lazima ifanyiwe upekuzi kwenye ofisi ya ardhi na shamba lithaminiwe, na vyote vinalipiwa. Kisha mashamba mengi ya Magharibi bado yako kwa jina la babu aliyekufa miaka arobaini iliyopita, kwa hiyo mtu ana ekari tatu na hana karatasi. Anakaa rumande kwa dhamana ya elfu kumi. Wachache wanajua kwamba anaweza kurudi kwa hakimu kuomba masharti yapunguzwe, au kwenda Mahakama Kuu hakimu akikataa. Kosa likiwa la faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba inakataza asiwekwe rumande kabisa.

#29 Kondele_Stage
Na pesa ya dhamana hurudishwa! Risiti ile isipotee. Kesi ikiisha, risiti halisi, kitambulisho na akaunti ya benki.

#30 Mama_Ahero
Kabla uzi haujapotea: waliofiwa si watazamaji tena. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inawapa nafasi ya kusikizwa kwenye dhamana na hukumu. Na Septemba 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa iliyoanzia hapo Bungoma, iliamua kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kesi ikiendelea kupitia wakili wake, ingawa hawi mwendesha mashtaka wa pili. Ile siku ya kifungu cha 200 aliyotaja Karani, na siku ya makubaliano ya kupunguza kosa kutoka kusababisha kifo kuwa uzembe, familia iwe imeandikia ofisi ya DPP, Kisumu au Nakuru, barua yenye namba ya kesi, ikiomba kusikizwa. Muhuri wa kupokelewa upigwe kwenye nakala yenu.

#31 NyalendaB
Na wakili huyo analipwa na nani? Ndiyo swali langu tangu #13.

#32 Mama_Ahero
Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, chini ya sheria ya 2016. Foleni ni ndefu, hilo sikatai.

#33 ChiniYaMenengai
Bado sijashawishika na Nyuki kwamba sheria ndiyo tatizo kubwa, wala na Mwalimu kwamba ni malezi. Nyingi ya njia mlizotoa hapa zinategemea kitu kilichoandikwa siku ya kwanza. Kondele, ile alama ya mkanda begani: nani anaiandika, kama daktari hajaulizwa?

#34 Kondele_Stage
Hakuna. Daktari hujaza anachoombwa. Askari anaweza kumwombea mshukiwa P3 pia, si majeruhi tu, na kwenye sehemu ya juu aandike wazi anataka nini: alama za mkanda ziko upande gani, harufu ya pombe, saa ya uchunguzi. Familia iulize kituoni siku ile ile kama fomu ya dereva imetolewa, kwa sababu michubuko ile hufifia kwa siku chache.

#35 Karani_wa_Kortini
Na wakijibiwa haikutolewa, swali lenyewe liandikwe kwenye OB, wapewe namba. Mpelelezi ataulizwa kuhusu namba hiyo akiwa kizimbani cha mashahidi.